Kuku 12 kwenye Usiku Mtakatifu

Wimbo wenyewe hauna kosa, nisije nikausingizia. Usiku Mtakatifu uliimbwa mara ya kwanza tarehe 24 Desemba 1818, Oberndorf huko Austria, na wanaume wawili na gitaa moja, kwaya ikiitikia. Joseph Mohr, padri, alikuwa na maneno. Franz Gruber, mwalimu wa shule, akatia tuni. Ni wa kubembelezea mtoto. Mwenye vidole vitatu anaupiga vizuri tu.

Mimi ninavyo kumi, na mwaka ule nilitaka vyote vionekane.

Napiga kinanda kanisani kwetu hapa Tanga, na kila Krismasi ni ile ile: korodi nne, mdundo wa taratibu, amina. Basi nikaingia intaneti kutafuta mpangilio wa piano wenye hadhi. Nikakuta wa Mmarekani mmoja, kwenye video anapiga macho kayafumba, dirishani theluji inaanguka. Kurasa tano. Utangulizi wake peke yake karibu dakika nzima. Nikalipia kwa kadi ya shemeji.

Jambo ambalo ningelitazama kama ningekuwa na akili timamu: ubeti wa kwanza uko kwenye ufunguo wa B flati, wa pili unapanda C, wa tatu D, yaani kila ubeti wimbo mzima unasogea juu. Sasa wimbo huu una fa ya juu, noti yake ya juu kuliko zote, pale karibu na mwisho. Ukianzia B flati, fa hiyo kila mama anaifikia. Ukifika D imekuwa G, na G ile kwetu wanaifikia wawili, mmoja yuko likizo Moshi.

Mwalimu wetu wa kwaya ni Msambaa wa Lushoto, mtu wa solfa tupu, ile ya doh-re-mi, ambamo doh ndiyo noti ya nyumbani. Nilipomwambia mpango, akaweka chaki chini.

"Mgosi, hii doh inahamahama nini, imeshindwa kodi?"

Nikamwambia ndiyo muziki wa kisasa. Akaandika ubaoni, lakini aliandika kama anayeandika kitu cha kufuta.

Tarehe 24 mchana nikaenda kuchapa Ngamiani. Desemba hii steshenari ni kama stendi: kadi za harusi, kadi za kitchen party, michango, kila mtu na flashi yake mkononi. Kijana akachapa, akakung'uta karatasi, akabana pini, elfu moja na mia tano. Sikuzifungua. Nani anahesabu kurasa za kitu alicholipia?

Usiku kanisa limejaa mpaka nje. Joto la Tanga la Desemba mnalijua: pangaboi linazunguka, linakurudishia jasho lako mwenyewe. Nikakaa, nikakunja mikono ya shati, nikafumba macho kama Mmarekani.

Utangulizi ulikuwa mzuri sana kwa sekunde kama kumi. Tatizo ni kwamba yule bwana, kwa ufundi wake, alichomeka kipande cha tuni mapema, kama kiungo kwenye pilau. Bibi mmoja wa benchi la mbele akakitambua. Akaanza kuimba. Bibi akianza, kanisa zima limeanza. Huyo ndiye aliyetufundisha wengi wetu Sunday school. Mimi bado nilikuwa na nusu dakika ya maua na mapambo. Nikayaacha yote, nikaurukia ubeti kama mtu anayedandia daladala iliyokwisha ondoka.

Ubeti wa kwanza ukaisha salama. Hapo Mmarekani kaweka mpito wa kutuliza roho kabla ya kupanda C. Waumini hawakutulia. Wakaingia ubeti wa pili hapo hapo, B flati yao mkononi. Mimi nikapanda C. Kwaya ikagawanyika: waliomwangalia mwalimu wakapanda, waliomsikiliza bibi wakabaki. Mzee mmoja wa kanisa, mwenye besi ya kutikisa vioo, hakujua hata kama kuna safari.

Nikajipa moyo: kwenye D watanielewa. Nikafunua ukurasa wa nne.

MAHITAJI YA JIKONI, ukasema ukurasa wa nne. Mchele kilo 60. Nazi 40. Kuku wa kienyeji 12 (Mama Mdogo ataleta).

Mtu akikuambia ubongo una kasi, usimwamini. Niliusoma ule mstari wa kuku mara tatu. Mkono wa kushoto uliendelea wenyewe kwenye D; wa kulia ukaning'inia hewani ukisubiri maelekezo kutoka kwa Mama Mdogo. Kisha nikakimbilia funguo nyeupe, yaani C, nyumbani kwa kila mwoga. Sasa tulikuwa na doh tatu, mpangaji kila chumba.

Nikaondoa mikono. Besi ya mzee ikabaki inatembea peke yake, na mmoja mmoja wakaifuata, na ubeti wa tatu ukaishia kwa sauti tupu, B flati ile ile waliyoanza nayo. Ulikuwa mtamu, inaniuma kusema.

"Tumshukuru ndugu yetu wa kinanda," baba mchungaji akasema, akatafuta neno, "kwa utangulizi."

Asubuhi ya Krismasi tukaimba ule wa malaika (Hark! The Herald Angels Sing), ambao tuni yake mtunzi Mjerumani Mendelssohn aliitunga 1840 kwenye sherehe za kumuenzi Gutenberg na mtambo wake wa kuchapa. Sikuwa na hali ya kumwimbia mtu yeyote wa kuchapa. Nikapiga korodi nne.

Tarehe 27 kijana wa steshenari akanipigia. Nikamkuta na mama mmoja kashika karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ni wewe mwenye hii?"

Kamati ya harusi ilikaa nayo jana yake. Mwenyekiti aliigeuza huku na huku, akatoa hukumu kwamba ni ramani ya ukumbi: mistari ni meza, vidoti ni viti, vyeusi vimelipiwa, vyeupe bado. Kikao kilivunjika saa tano usiku, kwa sababu upande wa bwana harusi walikuwa wanauliza kwa nini wao wamepangwa juu kabisa, nje ya mistari.

Nikamrudishia kuku wake. Ukurasa wangu nikamwachia. Mweka hazina alikuwa ameshajaza majina.