Kabla ya Kubishania Bei, Tukubaliane Kipimo

Wauzaji wa programu za biashara hutumia muda mwingi mno kubishania tarakimu: tuuze kwa dola 9 au 12, tumpunguzie anayelipia mwaka mzima au tumwache alipe sawa na wengine. Kwa maoni yangu, ubishi huo huja kabla ya wakati wake. Linalopaswa kutangulia ni swali la kipimo, yaani mteja anatozwa kwa kuhesabu kitu gani: idadi ya watumiaji, ujumbe anaotuma, gigabaiti anazohifadhi, kazi iliyokamilika, au hahesabiwi chochote na analipa ada ileile kila mwezi. Tarakimu ikikosewa hurekebishwa kwa barua pepe moja, lakini kipimo kikikosewa, kukibadilisha hugusa mikataba, mfumo wa ankara na imani ya mteja, na hiyo ya mwisho ndiyo ngumu kuirudisha.

Kutoza kwa kila mtumiaji ndiko kulikozoeleka zaidi. Salesforce, kampuni ya programu za kusimamia mauzo na wateja iliyoanzishwa mwaka 1999, ilisaidia sana kuueneza utaratibu huo wakati ambapo kampuni nyingi bado zilinunua leseni ya kudumu kwa mkupuo na kisha kulipia matengenezo kila mwaka. Uzuri wake ni kwamba meneja anaweza kuipiga hesabu mwenyewe, bila kalamu: wafanyakazi ishirini mara bei, basi. Ubaya wake niliuona kwa macho yangu katika ofisi moja niliyowahi kufanya kazi, ambako watu saba tulikuwa tunatumia akaunti moja ya mfumo wa kuhudumia wateja. Nywila iliandikwa kwenye kikaratasi cha njano kilichobandikwa chini ya skrini, na kila aliyetaka kuingia alipaza sauti kwanza, "Nani yumo?", asije akamtoa mwenzake katikati ya jibu. Kumbukumbu zote zilibeba jina la mfanyakazi aliyekuwa ameshaondoka. Mwenye programu alikosa ada za watu sita, na sisi tulikosa kile hasa tulichokuwa tunakilipia, yaani kujua nani alimjibu mteja yupi na lini. Sitetei tulichofanya, ila nasema kwamba kipimo kile kiliifanya kila akaunti mpya ionekane kama hasara. Slack, programu ya mawasiliano ya kazini, ilijaribu kuupunguza uchungu huo kwa kutomtoza mteja kwa ajili ya mtumiaji aliyekaa bila kuutumia mfumo, na kumrudishia salio pale anapokuwa ameshalipa. Naona ni uamuzi wa busara, kwa sababu unamwondolea mteja hofu ya kuongeza watu.

Upande wa pili uko utaratibu wa kulipa kadiri unavyotumia. Amazon ilipofungua huduma yake ya kuhifadhi data, S3, mwezi Machi 2006, ilitoza senti 15 za dola kwa gigabaiti moja kwa mwezi, na mtu mwenye wazo na mfuko mtupu akaweza kuanza bila kununua seva hata moja. Kwa anayeanza, sijui njia iliyo rafiki zaidi. Lakini biashara ikikua, ankara hugeuka kitendawili: kosa dogo katika msimbo wa programu linaweza kukesha likiita huduma maelfu ya mara, na asubuhi mhasibu akaulizwa kwa nini bajeti ya mwezi imekwisha tarehe nane. Muuzaji anayetoza kwa matumizi bila kuweka kikomo ambacho mteja anaweza kukipanga mwenyewe, na bila tahadhari inayomfikia mapema, amemtwisha mteja hatari yote huku yeye akifaidika na makosa ya mteja huyo. Hapo sioni nafasi ya kusema "inategemea".

Kuna jaribio dogo ninalolipenda kuliko majedwali yote ya kulinganisha bei za washindani: mwombe mteja akadirie ankara yake ya mwezi ujao kabla hujaituma. Akikaribia, kipimo kinaeleweka. Akibahatisha, jiandae kwa simu za malalamiko, hata kama bei yako ni ya chini kuliko ya wenzako.

Unity, kampuni ya programu ya kutengenezea michezo ya kompyuta, ingeshindwa vibaya jaribio hilo. Mwezi Septemba 2023 ilitangaza ada mpya itakayohesabiwa kwa kila mchezo unaposakinishwa, mara tu mchezo huo ukivuka viwango fulani vya mapato na usakinishaji. Watengenezaji walikasirika, na nadhani walikuwa na haki, kwa kuwa mtengenezaji hana mamlaka juu ya mchezaji atakayesakinisha leo, akafuta kesho na kubadili simu keshokutwa. Kampuni ililegeza masharti siku chache baadaye, kisha Septemba 2024 ikaifuta ada hiyo na kurudi kwenye usajili wa kila mtumiaji. Kumtoza mtu kwa kitendo asichokitawala yeye mwenyewe ni kosa ambalo punguzo la bei haliliponyi.

Ada moja isiyobadilika sitaisemea sana. Inawafaa wanaouza kwa biashara ndogo zinazofanana, na huwaponza wanaouza kwa wadogo na wakubwa kwa pamoja.

Kinachonishughulisha sasa ni akili mnemba. Programu inayojibu wateja peke yake inapunguza idadi ya watumiaji, na muuzaji anayetoza kwa kila mtumiaji anajikuta akiuza kisu kinachokata mapato yake. Ndiyo maana Intercom, kampuni ya programu za kuhudumia wateja, ilianza kutoza senti 99 za dola kwa kila swali ambalo wakala wake wa akili mnemba, Fin, amelitatua. Wazo hilo linanivutia, kwa kuwa mteja analipia alichokitaka. Hata hivyo, mimi ningekuwa mnunuzi, ningesoma mara mbili kifungu kinachoeleza maana ya "kutatuliwa". Mtu aliyeuliza swali, akapewa jibu lisilomsaidia na akafunga dirisha kimyakimya kwa kukata tamaa, anahesabiwa wapi? Ningetaka jibu la swali hilo liandikwe ndani ya mkataba, pamoja na haki ya kufungua mazungumzo yaliyotozwa na kuyapinga moja baada ya jingine, kabla sijauliza kama hizo senti 99 zinaweza kushuka.