Wananong'ona, Halafu Wanalipua

Hivi waigizaji wa siku hizi wanamficha nani? Mtu yuko chumbani na mkewe, madirisha yamefungwa, mlango umekomewa, hakuna mtoto wala jirani, lakini anaongea kama mdaiwa aliyesikia mwenye deni anapita nje. Mkewe naye anamjibu kwa pumzi. Mimi niliyeketi kwenye kochi langu, na sinema ni halali yangu, nainamisha kichwa, natega sikio, sipati kitu.

Basi naongeza sauti. Naongeza tena. Sasa naanza kusikia kwamba jamaa anaitwa nani na anamtafuta nani. Nikishajiegemeza tu vizuri, gari linalipuka. Vyombo vinatikisika kabatini, mtoto anaamka analia, na mke wangu anauliza kutoka chumbani kama nimepungukiwa na akili au ndivyo nilivyoumbwa. Napunguza. Moshi ukitulia, steringi anatoka kwenye mabaki, anafuta damu kwenye nyusi na kusema neno moja zito ambalo ndilo lenye siri ya hadithi nzima. Kwa kunong'ona. Nimelikosa.

Mpwa wangu, kijana mwenye jibu la kila swali na asiye na kazi yoyote, alinieleza kisa. Anasema sauti za sinema hupangwa kwa ajili ya ukumbi mkubwa wenye spika pande zote, na maneno ya waigizaji hupewa spika yao ya katikati. Ukileta mzigo huo wote kwenye runinga nyembamba ya nyumbani, ambayo spika zake ni ndogo na mara nyingi zimeelekezwa chini au nyuma, maneno yanazama na milipuko inabaki. Kumbe muda wote huo waigizaji walikuwa wanazungumza na ukuta wangu.

Kuna ile Tenet ya mwaka 2020. Hiyo nilidhani masikio ndiyo yamefika mwisho wa safari, nikaanza kuulizia mganga wa masikio. Hadithi yenyewe inakwenda mbele na kurudi nyuma, risasi zinarudi kwenye bunduki badala ya kutoka, na watu wamevaa vifaa vya kupumulia vilivyowaziba mdomo, halafu eti wanaelezana mambo magumu humo humo ndani. Nilipata faraja kusikia kwamba hata waliokwenda kuiona ukumbini walilalamika. Mwongozaji wake, Christopher Nolan, amewahi kusema hapendi kuwarudisha waigizaji studio warekodi maneno upya. Anataka yale yaliyosemwa siku ile ile ya kupiga picha. Ni msimamo, siwezi kuubeza. Lakini angalau yeye aliyasikia siku hiyo.

Ushauri wa kila mtu ni mmoja: weka maandishi ya chini. Nikaweka. Maandishi nayo yana umbea wake. Mwigizaji hajafungua mdomo, mimi nishasoma kwamba yeye ndiye muuaji. Mzaha unafika kwenye macho kabla ya kufika kwenye masikio, ninacheka peke yangu mapema, halafu wenzangu wanacheka baadaye, naonekana mimi ndiye mwenye tatizo. Na wakati mlango wa pango unafunguliwa polepole, chini inaandikwa "muziki wa kutisha". Asante kwa taarifa, nilikuwa nimepanga kushtuka mwenyewe.

Hapo sijamtaja mama mkwe. Akija kututembelea, yeye huyasoma maandishi kwa sauti. Na si kwamba anakwenda nayo sambamba. Yuko nyuma kwa sentensi kama mbili hivi, kwa hiyo adui ameshapigwa risasi na amelala, bado mama anasoma vitisho vyake.

"Mama," nikamwambia kwa upole wote niliojaliwa, "sote tunaona hayo maandishi."

"Soma yako, baba, nami nasoma yangu."

Ningemjibu nini? Ni mama mzazi wa mke wangu, na kochi ni moja.

Nikatoka kwenye sauti, nikaangukia kwenye giza. Sijui taa zimewakosea nini watu hawa. Zamani usiku wa sinema ulikuwa na mbalamwezi ya kutosha kusoma barua. Sasa ikifika usiku unaona uso wako mwenyewe kwenye kioo cha runinga, umekunja ndita, nyuma yako sebule nzima. Kwenye tamthilia ya Game of Thrones, ule usiku wa vita kubwa dhidi ya jeshi la wafu uliorushwa Aprili 2019, dunia nzima ililalamika kwamba haioni nani anamkata nani. Mpiga picha wake akajitokeza kusema kwamba shida ni watu wasiojua kurekebisha runinga zao. Yaani yeye hakukosea, nimekosea mimi na rimoti yangu. Nikaingia huko kwenye mipangilio, nikakuta mwangaza, utofauti wa rangi, joto la rangi, na kitu cha kulainisha mwendo. Nilipomaliza kurekebisha, wafu walionekana vizuri sana, ila mtangazaji wa taarifa ya habari amekuwa wa kijani na mke wangu anataka kujua nani kamharibia runinga.

Tuje kwenye urefu, maana hapo ndipo ninapoishiwa uvumilivu. Mnamo Desemba 1895, ndugu wawili Wafaransa, akina Lumière, waliwaonyesha watu sinema jijini Paris. Mojawapo ilikuwa ya wafanyakazi wanatoka kiwandani. Lango linafunguka, wanatoka, basi. Haikufika dakika moja. Hiyo mimi ningeimaliza nikiwa macho, na ningeweza kukusimulia mwanzo mpaka mwisho bila kuruka kitu.

Leo kijana anataka kulipiza kisasi, anakula saa 2 na nusu. Tulikaa kuangalia The Irishman ya Martin Scorsese, ya mwaka 2019. Dakika 209. Si sinema mbaya, tena ina utulivu wa watu wazima ambao naupenda, lakini nilipitiwa na usingizi watu wakiwa wanapanga mauaji, nikaamka bado wanapanga. Humo walimrudishia Robert De Niro ujana kwa kompyuta, na usoni walifanikiwa. Sasa kuna mahali anamtoa muuza duka nje na kumpiga mateke barabarani. Uso wa kijana, magoti ya mstaafu. Unaona kabisa mzee anapima kwanza mguu upi uko tayari kunyanyuka. Muuza duka kalala chini anamsubiri.

Titanic nayo tuliirudia, kwa sababu mke wangu huirudia. Meli ile ya kweli ilipogonga barafu mwaka 1912, ilichukua kama saa 2 na dakika 40 kuzama. Sinema ya James Cameron ina saa 3 na zaidi kidogo. Nilipomwambia mke wangu kwamba meli yenyewe iliwahi kumaliza kuliko Cameron, hakucheka. Hilo ni jambo zito kwake. Tangu mwaka 1997 hajawasamehe kwa kumwacha steringi Jack kwenye maji wakati mpenzi wake Rose amelala juu ya ubao ule, ambao kila mtu anauita mlango. Sheria anayoijua yeye ni kwamba steringi hafi. Cameron mwenyewe maneno yalimchosha. Mwaka 2023 ikatoka filamu ya makala ambayo wamewaweka watu kwenye maji ya baridi na kujaribu namna mbalimbali za kukaa kwenye ubao, na katika jaribio moja ikaonekana huenda Jack angepona. Mke wangu aliposikia hayo alinigeukia mimi na kunitazama kwa muda mrefu, kana kwamba nilikuwemo kwenye meli ile na ubao ulikuwa mali yangu.

"Wewe ungenipisha?" akauliza.

Nikasema ningempisha. Akasema nimechelewa kujibu.

Wanangu wao hawana habari na hayo, wao ni magari. Ile Fast and Furious ya kwanza, ya mwaka 2001, ilikuwa ni habari ya vijana wanaoendesha kasi na kuiba mashine za kuchezea video kwenye malori. Wizi wa kawaida, unaoeleweka, mtu unaweza kuufuatilia. Imefika ya tisa, mwaka 2021, wawili kati yao wamepanda gari wakaenda nalo anga za juu. Gari! Na humo hakuna msiba unaodumu. Letty alizikwa, akarudi. Han alilipuka na gari, akarudi, tena anakula vitafunio vyake kama mtu aliyetoka dukani. Nimewaambia wanangu kwamba nisipoona kaburi lililomwagiwa zege silii tena. Lakini nakiri milipuko yao ni mizuri, na hawanong'oni sana.

John Wick sina ugomvi nayo. Wamemuua mbwa wake, amekasirika. Nimeelewa, endelea.

Mwishoni nikasema, leo nachagua mimi. Nikachagua 12 Angry Men, ya mwaka 1957. Kelele iliyopigwa! Haina rangi, haina gari, haina mwanamke, ni wanaume 12, raia wa kawaida walioteuliwa na mahakama kutoa uamuzi, wamefungiwa kwenye chumba chenye joto wanaamua kama kijana aliyeshtakiwa kumuua baba yake ana hatia. Dakika 96 tu, nikawaambia, ndogo kuliko muda mnaotumia kuchagua cha kuangalia. Wakakaa kwa kununa.

Na sikugusa rimoti. Wale wazee wanaongea! Wanagombana kwa sauti za watu wenye mapafu, kila mtu anamsikia kila mtu, na taa imewashwa. Mwanzoni 11 wanasema ana hatia, Henry Fonda peke yake anasema hapana, tuzungumze kwanza. Kisha mmoja mmoja anaanza kulegea. Wanangu waliacha simu. Mpwa wangu akaanza kukokotoa yule shahidi mzee mwenye mguu mbovu angewezaje kufika mlangoni kwa sekunde 15, akasimama akachechemea mwenyewe toka kochini mpaka jikoni huku mdogo wake anahesabu. Mke wangu alihama upande katikati ya sinema, akajiunga na Fonda.

Mama mkwe peke yake ndiye hakutikisika. Mwamuzi wa kumi na tatu tulikuwa naye sebuleni. Sinema imekwisha, wale wameshaafikiana kwamba kijana hana hatia, wanashuka ngazi za mahakama kila mtu na njia yake, mama bado anatikisa kichwa.

"Mama, hawajasema hakuua," nikamweleza. "Wamesema kuna shaka. Kisu cha mauaji walichosema hakuna kingine kama hicho, si umeona Fonda katoa cha pili mfukoni, kinafanana kila kitu?"

"Nimeona, baba," akasema. "Ndiyo maana nawashangaa. Mtu anatoa kisu cha mauaji mfukoni mbele ya watu 11, na hakuna hata mmoja anayemkamata."