Nyuma ya kadi ya bitcoin kuna benki

Mapema Januari 2018, watu wengi Ulaya waliozoea kulipia chakula na nauli kwa kadi za bitcoin walikuta kadi zimekufa. Kampuni walizojiunga nazo, zikiwemo Bitwala, Cryptopay na TenX, hazikuwa zimefilisika. Visa ilikuwa imemfungia WaveCrest wa Gibraltar, mtoaji wa kadi zao zote, kwa kutofuata kanuni zake. Mmoja kafungiwa, wateja wa kampuni kadhaa wakaathirika siku moja.

Ni kwa sababu kadi hizi hazipeleki bitcoin dukani. Ukiigusisha kwenye mashine, programu huuza kiasi cha sarafu yako papo hapo, au ilishaiuza ulipoijaza kadi, na mwenye duka hupata euro au shilingi zake kama kawaida. Lazima basi awepo mwenye leseni ya kutoa kadi, iwe benki au taasisi ya fedha za kielektroniki, aliyeunganishwa na Visa au Mastercard. Kampuni ya sarafu mara nyingi ni mpangaji tu katika nyumba ya huyo.

Mtoaji ndiye anayebanwa na sheria za utakatishaji fedha. Ndiyo maana unaombwa kitambulisho, picha ya uso huku ukigeuza kichwa mbele ya kamera, na uthibitisho wa makazi, kisha jina lako linapitishwa kwenye orodha za waliowekewa vikwazo. Ulaya ilizidi kukaza: kikomo cha kadi za malipo ya awali zisizo na jina kilishushwa kutoka euro 250 hadi 150, na nchi wanachama zikapewa hadi Januari 2020 kutekeleza.

Wanaolalamikia uhakiki huu hawalalamiki bure. Mei 2025 Coinbase, soko la kununua na kuuza sarafu kama bitcoin, ilieleza kuwa wahalifu waliwahonga wahudumu wake wa wateja walioko nje ya Marekani na kuchukua taarifa za watu zaidi ya 69,000, zikiwemo picha za vitambulisho. Nywila ikiibiwa unaibadilisha. Uso wako utaubadilisha na nini?

Kuna na suala la makazi, ambalo kwangu ndilo linaloumiza zaidi. Fomu inataka bili ya miezi mitatu ya karibuni yenye jina lako. Mpangaji wa Mbagala, Dar es Salaam, ananunua umeme wa LUKU, unaolipiwa kabla, kwa mita ya mwenye nyumba. Bili ataitoa wapi? Hati anayoweza kuipata ni barua ya serikali ya mtaa yenye muhuri, na mhakiki aliyeko Ulaya hajui hata ni kitu gani. Mtu mkweli anakataliwa, huku mwenye hati za kughushi zilizopangika vizuri akipita. Benki za nyumbani nazo si kimbilio: Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza mwaka 2019 kwamba sarafu hizi hazitambuliki.

Hata hivyo, sioni kwamba jibu ni kadi "zisizo na usajili" zinazouzwa Telegram. Nyingi ni kadi za matumizi ya wafanyakazi zilizotolewa kwa jina la kampuni fulani, wewe unauziwa namba tu. Mtoaji akigundua anazifunga zote, na kwake jina lako halipo. Linganisha na Juni 2020, Wirecard, kampuni ya malipo ya Ujerumani, ilipokiri kwamba euro bilioni 1.9 hazionekani. Mdhibiti wa Uingereza alisimamisha kampuni yake ya kadi nchini humo, na kadi za Curve na Crypto.com, zilizotolewa na kampuni hiyo, zikagoma. Siku chache baadaye zuio likaondolewa. Wateja walijulikana, na fedha zao zilitakiwa kuwekwa kando na za kampuni.

Kwa hiyo naunga mkono uhakiki, ila si kwa jinsi unavyofanywa sasa. Jina la mtoaji na leseni yake viandikwe ukurasa wa kwanza, kabla mtu hajaombwa picha ya uso, maana leo unavichimbua kwenye masharti marefu. Na barua ya mtaa ikubaliwe pamoja na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania, ambayo kampuni zetu za simu zimekuwa zikiihakiki kwa alama za vidole kila laini inaposajiliwa.