Punguzo la ndege binafsi si tiketi, wala halikuahidi kuwa tiketi

Kila msimu wa likizo lawama ni zilezile. Mtu ameona tangazo la ndege ya kukodi inayorudi bila abiria, bei imeshushwa kwa asilimia 60, amelipa, amewaambia marafiki watano wafunge mizigo, halafu usiku wa kuamkia safari anapata ujumbe kwamba imefutwa. Fedha zake anarudishiwa zote. Ndege nyingine hapewi, fidia hapewi, na nauli za dakika za mwisho kwenye ndege za kawaida zimeshapaa. Anaandika kwa hasira kwamba biashara hii nzima ni utapeli uliovaa suti. Madalali wa ndege hizo nao wanajibu kwa ule ubishi wao wa siku zote: ndege ingeruka tu, tulikuuzia nafasi ambayo ingepotea bure, sasa ulitaka nini zaidi?

Jibu hilo lina kiburi ndani yake. Lakini nikiondoa kiburi, hoja inayobaki naiona ina uzito kuliko wengi wanavyokubali.

Tuangalie kinachouzwa. Ndege binafsi hukodiwa nzima, si kwa kiti. Mteja mkuu analipa ili apelekwe anakotaka, saa anayotaka. Ikishamshusha, ndege lazima irudi kituoni kwake au iende kumchukua mteja mwingine, na gharama ya safari hiyo tupu mara nyingi imeshaingia kwenye bei aliyolipa yule wa kwanza. Ndiyo maana mwendeshaji, yaani kampuni inayoirusha ndege, anaweza kuiuza kwa robo tatu au hata robo ya bei ya kawaida na bado akapata faida. Lori lililopeleka saruji likarudi tupu hubeba mzigo wa njiani kwa bei ya kutupa, na mwenye mzigo huo hana ubavu wa kumwambia dereva saruji ipakiwe saa ngapi. Hapa ni vivyo hivyo, isipokuwa lori ni la mamilioni ya dola na mwenye mzigo amevaa miwani ya jua.

Chukua Jumapili moja ya Agosti. Familia imekodi ndege ya viti saba iwapeleke kutoka Farnborough, karibu na London, hadi Nice, kusini mwa Ufaransa, kutua saa nne asubuhi. Mwendeshaji anatangaza safari ya kurudi: Nice kwenda Farnborough, Jumapili, wakati wowote kati ya saa sita mchana na saa kumi. Wewe unailipia. Jumamosi jioni baba wa familia anapiga simu kwamba mkutano wake umesogea, wataondoka Jumatatu. Amelipa bei kamili, na mkataba wake unamruhusu. Tangu dakika hiyo hakuna ndege itakayokuwa Nice siku ya Jumapili. Hakuna aliyekunyang'anya kiti, kwa sababu kiti chenyewe hakipo.

Sasa jiulize mwendeshaji angefanya nini ili atimize ahadi. Angelazimika kuituma ndege nyingine kutoka kwingine, nayo ingefika Nice tupu ili ikuchukue wewe. Yaani kuokoa safari moja iliyouzwa kwa kuwa ni tupu, angetengeneza nyingine tupu, na kwa gharama kamili. Hakuna bei ya punguzo inayoweza kubeba hilo. Kifungu kile kinachochukiwa, kinachosema safari inategemea safari ya mteja mkuu na kwamba dhima ya muuzaji inaishia kwenye kurudisha fedha, ndicho kilichoishusha bei. Ukikiondoa, bei inarudi palepale ilipokuwa, na bidhaa yenyewe inatoweka.

Kuna waliojaribu kupindisha ukweli huu, na yaliyowapata yanafundisha kuliko malalamiko yote. Kampuni ya JetSmarter, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2012, iliuza uanachama wa maelfu ya dola kwa mwaka, na miongoni mwa vivutio vyake ilikuwa viti kwenye safari za ndege zinazorudi tupu bila malipo ya ziada. Wazo lilipendeza machoni: mabaki ya safari za matajiri yageuzwe huduma ya kudumu. Baadaye masharti yakabadilishwa, vilivyokuwa bure vikaanza kulipiwa, na baadhi ya wanachama wakaenda mahakamani. Mwaka 2019 kampuni ikanunuliwa na Vista Global, kampuni nyingine ya ndege binafsi. Mabaki yanaweza kuuzwa yanapopatikana. Ukiyauza kwa ahadi ya mwaka mzima, umeuza kitu ambacho mwenye uamuzi juu yake ni mtu mwingine kabisa, na mtu huyo hata hakujui.

Kosa jingine linazaliwa na ile takwimu inayorudiwa kila mahali, kwamba karibu asilimia 40 ya safari za ndege binafsi hazina abiria hata mmoja. Madalali wanaipenda kwa sababu inaonyesha bahari ya nafasi za bei poa. Wanaharakati wa mazingira wanaipenda kwa sababu inaonyesha ufujaji. Msomaji wa kawaida anaisoma na kudhani kwamba kati ya kila ndege kumi angani, nne zinamsubiri yeye. Inafaa kuifungua takwimu hiyo na kuona ndani yake mna nini.

Kwanza, inahesabu safari, si saa za angani. Ndege ikitoka Luton, nako karibu na London, kwenda Farnborough kumchukua mteja, hiyo ni safari moja kamili kwenye hesabu, ingawa imedumu dakika ishirini tu na hakuna mtu mwenye akili timamu angeinunua. Ikimshusha mteja Aspen, mji wa mapumziko ya theluji Marekani, wakati wa Krismasi, pale ambapo nafasi ya kuegesha ndege haitoshi, ikaondoka kwenda kulala uwanja wa jirani na kesho yake ikarudi, hizo ni safari tupu mbili. Wakati wa mkutano wa viongozi na matajiri huko Davos, Uswisi, kila Januari ndege zinawashusha wakubwa Zürich na viwanja vya karibu, kisha nyingi zinatafuta mahali pengine pa kusubiri. Hizo pia zimo kwenye hesabu. Toa hizo. Toa zinazoruka alfajiri kwa sababu saa za kazi za marubani zinaisha, zinazojulikana saa tatu tu kabla, na zile ambazo mwenye ndege hataki mgeni akalie viti vyake. Toa pia zinazoelekea mahali ambapo hakuna mwingine anayekwenda siku hiyo. Kinachobaki ndicho kinachoingia sokoni, tena madalali watatu wanakitangaza kwa pamoja hadi ndege moja inaonekana tatu.

Kwa hiyo anayelalamika kwamba "ziko nyingi ila hawataki kutupa" amedanganywa na namba, na waliomdanganya ni hao hao wanaomuuzia. Hapo ndipo walalamikaji wana hoja, nami siwezi kuikwepa. Wako madalali wanaoacha kwenye orodha safari zilizokwisha kuuzwa ili wakusanye namba za simu. Ukipiga, ile imeondoka, "lakini tuna nyingine nzuri zaidi", na hiyo nyingine ina bei kamili. Wako wanaotangaza bei isiyojumuisha ushuru, na kwenye baridi kali bili ya dawa ya kuyeyusha barafu mabawani ikakujia baadaye. Wako pia wanaoficha kifungu cha kufutwa kwa safari kwenye ukurasa wa tisa. Marekani iliweka kanuni mahususi kwa madalali wa ndege za kukodi, zilizoanza kutumika mwaka 2019, zinazowataka waseme wanafanya kazi kwa niaba ya nani na kampuni gani hasa itaendesha ndege. Kifungu cha kufutwa kingeandikwa juu kabisa ya tangazo, kwa herufi zilezile za bei, nusu ya ugomvi huu ungekwisha.

Wala tusichanganye safari tupu halali na unafuu wa kichochoroni. Januari 21, 2019, mwanasoka Emiliano Sala alifariki pamoja na rubani David Ibbotson ndege ndogo iliyowabeba kutoka Nantes kwenda Cardiff ilipoanguka baharini. Rubani hakuwa na leseni ya kubeba abiria kwa malipo, na mwaka 2021 mtu aliyepanga safari hiyo alihukumiwa kifungo cha miezi 18. Ile haikuwa safari tupu iliyouzwa kwa punguzo. Lakini soko lenye njaa ya bei ya chini ndilo soko ambalo watu wa namna hiyo wanatafuta wateja. Safari tupu halali inaendeshwa na kampuni ileile yenye cheti cha kubeba abiria kwa malipo, marubani walewale, bima ileile aliyotumia mteja mkuu. Anayeshindwa kukutajia namba ya usajili ya ndege na jina la mwenye cheti, bei yake isikushughulishe.

Pia kuna suala la kurudi, ambalo matangazo hayaligusi. Safari ni ya upande mmoja. Wachache sana hupata nyingine tupu inayowarudisha siku wanayotaka, hivyo wengi hupanda ndege za kawaida, na mahesabu ya mwisho hayafanani tena na ya mwanzo. Tuseme ndege nzima inakodiwa kwa dola 12,000, ikashushwa hadi 4,800, mkagawana watu sita: dola 800 kila mmoja. Hiyo inavutia. Mkiwa wawili ni 2,400 kila mmoja, upande mmoja tu. Unafuu huu ni wa kundi lililojaa, lenye siku za kuchezea na tiketi ya akiba inayoweza kufutwa. Mwenye harusi kesho yake asiuguse.

Tuje kwenye lawama nzito zaidi, ya mazingira. Utafiti uliochapishwa Novemba 2024 katika jarida la Communications Earth & Environment ulionyesha kwamba hewa ya kaboni inayotokana na ndege binafsi iliongezeka kwa asilimia 46 kati ya mwaka 2019 na 2023, na kwamba karibu nusu ya safari zilikuwa fupi kuliko kilomita 500. Mbele ya namba kama hizo, kusema "ingeruka tu" kunasikika kama kuosha mikono. Na wakosoaji wana hoja makini zaidi ya ile ya hasira: mwendeshaji anayejua ataiuza safari ya kurudi anaweza kumpunguzia bei mteja mkuu, na bei ikipungua wateja wakuu wanaongezeka. Zaidi ya hapo, wako wanaonunua safari hizi bila kuwa na safari yoyote kichwani. Wanakwenda Nice kwa sababu ndege inakwenda Nice, halafu wanarudi kwa ndege ya kawaida. Hao hawajajaza kiti kilichokuwa kikipotea. Wameongeza safari.

Nayakubali hayo. Lakini kwa yule ambaye angesafiri vyovyote vile, uzito wa watu sita na mabegi yao unaongeza mafuta kidogo tu kwenye ndege ambayo tayari imewasha injini, na viti sita vinaachwa wazi kwenye ndege ya kawaida. Faida ni ndogo, naam, ila si ya kubuni. Anayewakemea abiria hawa kuliko anavyomkemea aliyeipeleka ndege kule amekosea mlango wa kubisha.

Cha ajabu ni kwamba serikali nazo zinabisha mlango huo huo. Tangu Machi 1, 2025, Ufaransa inatoza ndege za biashara binafsi kati ya yuro 210 na 2,100 kwa kila abiria, kutegemea umbali na aina ya injini. Kodi ya abiria ya Uingereza nayo huhesabiwa kwa kichwa. Lengo ni zuri, lakini hebu tazama inavyofanya kazi uwanjani. Ndege ikiondoka Nice na marubani wawili na viti saba vitupu, abiria ni sifuri na kodi ni sifuri. Ikiondoka na watu sita walionunua mabaki, hata kwa kiwango cha chini kabisa ni yuro 1,260, na hapo punguzo lenyewe limeshaanza kuliwa. Ndege ni ileile na inapita njia ileile. Aliyeijaza analipa, aliyeirusha tupu halipi kitu.

Kodi ingehesabiwa kwa safari yenyewe au kwa mafuta yaliyochomwa, awepo abiria asiwepo, bili ingemfuata mteja mkuu ambaye ndiye aliyeisababisha safari ya kurudi. Mwendeshaji naye angekuwa na sababu ya kupanga ndege zake kwa uangalifu, na kuitangaza ile ya Jumapili mapema zaidi, kwa bei iliyo wazi.