Wenzetu huku wanauliza chochote, kwetu Dodoma mtu anaogopa kuchekwa

Jamani mi nasaidia kufundisha madogo wa mwaka wa kwanza hapa Kanada, somo la jiografia, na vituko ninavyosikia darasani ni vingi. Juzi profesa kauliza kwa nini kuna winta, binti mmoja kajibu bila wasiwasi kwamba dunia inakuwa imeenda mbali na jua, wenzake wakatikisa vichwa kukubali. Profesa akasema sasa mbona Desemba watu wa Australia wanajazana bichi? Kijana wa nyuma akadakia, si wao wako upande wa chini, jua linawapatia huko chini! Tukacheka mpaka basi na yeye mwenyewe akacheka, profesa akachukua chungwa na tochi ya simu akaonyesha jinsi mhimili wa dunia ulivyoinama nyuzi 23.5, upande ulioinamia mbali na jua ndo unapata winta, akawaambia mwanzoni mwa Januari ndo tunakuwa karibu zaidi na jua, kama kilomita milioni 147, na Julai ndo mbali, milioni 152. Yule binti alibaki mdomo wazi, hilo hatalisahau.

Sasa nikakumbuka chuo nilichosoma hapo Dodoma. Kuna jamaa kwenye semina alisimama akauliza, kwa Kingereza cha kuungaunga, kama dunia inazunguka basi helikopta ikipaa juu ya Dodoma ikatulia palepale, si Tabora itakuja yenyewe chini yake? Ukumbi ukalipuka, wengine wanacheka swali wengine wanacheka Kingereza, eti kachapia, na mwalimu naye akacheka akaendelea na slaidi zake. Jamaa hakunyoosha mkono tena mwaka mzima na jina likabaki Tabora.

Inaniuma mpaka leo kwa sababu swali lile lilikuwa zuri sana. Kwanza upande kapatia, dunia inazunguka kuelekea mashariki kwa hiyo ni kweli Tabora iliyo magharibi ndo ingefuata. Pale Dodoma ardhi inakimbia zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa ila hewa na helikopta vinakwenda nayo, kama vile ukiwa ndani ya SGR ukirusha karanga juu inarudi mkononi, haikimbilii behewa la nyuma. Hoja za aina hiyo Galileo alizijibu kwa mfano wa meli miaka ya 1600 huko!

Na sisemi hawa wa huku wanatuzidi akili, hapana kabisa. Nimewapa swali hilohilo nikaweka miji ya huku, Calgary na Vancouver iliyo magharibi yake, wengi nao wakasema Vancouver itakuja. Ila wao wanauliza kwa lugha waliyokulia, na mtu akikosea mwalimu anafurahi maana kajua pa kuanzia. Kwetu mtoto anasoma msingi kwa Kiswahili, fomu wani anageuziwa Kingereza, mpaka anafika chuo kashazoea kunyamaza na kukariri.

Walimu wa mwaka wa kwanza hapo Dodoma nawaomba, tengeni dakika kumi tu kwenye semina watu waulize kwa Kiswahili, hata kwa Kigogo kama mnaelewana, swali la ajabu namna gani liulizwe, na atakayemcheka mwenzake asimame yeye alijibu.