Vibarua Viwili, Nafuu Moja

Kwa mwenye kazi moja, ushuru wa mshahara haumsumbui. Mwajiri anakata, anapeleka KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya, kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata, naye anapokea kilichobaki. PAYE ya Kenya, yaani ukataji huo wa kila mwezi, iliundwa ikimfikiria mtu huyo: mwajiri mmoja, mshahara uleule, Januari hadi Desemba. Lakini ninaowasaidia kujaza ritani, ile taarifa ya mapato ya mwaka, kila Juni hawaishi hivyo. Yupo anayefundisha kwa saa katika vyuo viwili, na yupo mpishi wa hoteli ambaye siku zake za mapumziko hupikia kampuni ya karamu. Kila mmoja ana malipo madogo mawili au matatu, na kila mwajiri anamhesabia kana kwamba wale wengine hawapo.

Tazama hesabu yenyewe, kwa viwango vya 2025. Sh24,000 za kwanza za mwezi hutozwa asilimia 10, Sh8,333 zinazofuata asilimia 25, na zilizobaki, hadi Sh500,000, asilimia 30. Baada ya hapo unapunguziwa Sh2,400, ile nafuu ya kila mlipa ushuru. Ndiyo maana anayepata Sh24,000 au chini yake hakatwi kitu.

Sasa mwalimu wetu analipwa Sh20,000 na chuo cha kwanza na Sh20,000 na cha pili. Kila mhasibu anapiga hesabu yake: ushuru Sh2,000, nafuu Sh2,400, hakuna cha kukata. Mwaka mzima hati zake za mshahara zinaonyesha PAYE sufuri. Sheria, hata hivyo, inamwona kama mtu wa Sh40,000 kwa mwezi, na nafuu anastahili mara moja tu. Ushuru wa Sh40,000 baada ya nafuu ni kama Sh4,383 kwa mwezi. Zidisha kwa 12 upate Sh52,600. Ukiondoa kwanza makato ya NSSF (akiba ya uzeeni), bima ya afya ya jamii na tozo ya nyumba, ambayo sasa hayatozwi ushuru, deni linashuka hadi karibu Sh37,800. Bado ni pesa nyingi kwa mtu wa vipindi vya saa mbili mbili, tena zinadaiwa kwa mkupuo kufikia Aprili 30 ya mwaka unaofuata, hata kabla ya ritani ya Juni.

Ushauri unaotolewa siku zote ni kumwambia mwajiri wa pili kuwa nafuu unaipata kwingine. Mwambie, ni vizuri. Ila usidhani umemaliza. Bila nafuu, mwajiri wa pili atakata asilimia 10 ya Sh20,000, yaani Sh2,000 kwa mwezi, kwa sababu kwa macho yake wewe bado ni mtu wa kiwango cha chini. Hajui kwamba ukijumlishwa na kule kwingine, sehemu ya pesa zake inaangukia asilimia 25 na nyingine 30. Kwa hiyo hata ukifanya kila kitu kama inavyotakiwa, pengo linabaki. Hapo ndipo ninapokasirika, kwa kweli. Raia anaambiwa awe mwaminifu, na akiwa mwaminifu bado anadaiwa.

Kuna wanaosema mlipa ushuru ana wajibu wa kuijua sheria, basi akae na kikokotoo chake. Ningekubali kama habari hizo angekuwa nazo yeye peke yake. Lakini waajiri wote wawili hutuma orodha za mishahara kila mwezi kwenye iTax, mfumo wa KRA wa mtandaoni, na PIN, nambari ya mlipa ushuru, katika orodha zote mbili ni ileile moja. Mfumo unaona tangu Februari kwamba nafuu imetolewa mara mbili mwezi wa Januari. Ungeweza kumtumia mwalimu ujumbe wa simu siku hiyohiyo, na kumwelekeza mwajiri wa pili akate kiwango kinacholingana na jumla. Kumwacha hadi Juni ya mwaka unaofuata ni kumlimbikizia deni ukitazama. Akichelewa kulipa, anaongezewa asilimia 5 ya adhabu na riba ya asilimia 1 kwa mwezi.

Wanaolipwa kama wataalamu wa muda, wale wa mikataba ya kutafsiri, kupiga picha au kuendesha semina, wana mtego wao. Wao hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5, na wengi wanaamini hayo yameisha. Kwa mkazi wa Kenya hiyo asilimia 5 ni malipo ya awali tu. Mapato hayo yanaingia kwenye ritani pamoja na mshahara, yanahesabiwa kwa viwango vilevile, na ile 5 inaondolewa mwishoni. Anayelipwa kwa M-Pesa bila kukatwa chochote naye hajasamehewa.

Yako mambo yanayoenda upande wa pili, na haya husemwa mara chache. Chukua msichana aliyepata kazi ya kusimamia ukusanyaji wa data kwa miezi minne, Sh50,000 kwa mwezi, kisha akakaa bila kazi mwaka uliobaki. PAYE huhesabiwa mwezi kwa mwezi, kwa hiyo, bila kugusa yale makato mengine, alikatwa kama Sh7,383 kila mwezi, jumla karibu Sh29,500. Lakini kwa mwaka amepata Sh200,000 tu. Ushuru wake ni Sh20,000, na nafuu ya mwaka ni Sh28,800. Hadaiwi hata senti, na zile Sh29,500 zote ni zake. Atazipata tu akijaza ritani na kuomba kurudishiwa.

Wengi walio katika hali yake hawajazi, au wanajaza ritani ya sufuri kwa sababu Juni ikifika hawana kazi. Ritani ya sufuri katika hali hiyo ni kosa: ulipata mapato, na ukitangaza kwamba hukupata, hata ushuru uliokatwa hauonekani. Tafuta P9, hati ya mwaka ya mshahara na ushuru uliokatwa, kwa yule mwajiri wa miezi minne, hata kama mradi umefungwa na ofisi imehama. Dai la kurudishiwa lina muda wa miaka 5 tangu siku ushuru ulipolipwa.