Moyo mizanini, hirizi kifuani

Karatasi ya mafunjo aliyozikwa nayo Ani, mwandishi wa Misri ya kale, ina urefu unaozidi mita 23. Ilitengenezwa yapata mwaka 1250 kabla ya Kristo, na leo iko British Museum, London. Picha yake mashuhuri zaidi ni ya mizani. Upande mmoja umewekwa moyo wa Ani, upande wa pili unyoya wa Maat, yaani haki na ukweli. Kando anangoja Ammit, zimwi mwenye kichwa cha mamba, kifua cha simba na matako ya kiboko, aumeze moyo ukipatikana na hatia.

Ni rahisi kuisoma picha hii kama mahubiri: ishi kwa haki, utapimwa. Na kweli, tangu enzi za piramidi wakubwa walichongesha makaburini mwao kwamba waliwalisha wenye njaa na kuwavisha walio uchi.

Lakini yasome maneno yaliyo kwenye picha hiyohiyo. Ani anausihi moyo wake usisimame kumshuhudia vibaya mbele ya mahakimu. Dua hiyo ilichongwa pia kwenye hirizi za jiwe zenye umbo la mbawakawa, zikawekwa kifuani pa maiti. Tena, sehemu kadhaa za karatasi hii ziliandikwa kabla mnunuzi hajajulikana. Jina la Ani lilijazwa baadaye katika nafasi zilizoachwa wazi. Na picha inayofuata inamwonyesha mungu Horus amemshika Ani mkono akimpeleka kwa Osiris, mungu wa wafu. Ameshashinda, hata kabla hajafa! Wanaosema huu ulikuwa ulinzi wa kununuliwa, wala si maadili, wana hoja nzito.

Hata hivyo, kwangu hoja hiyo inaishia njiani. Anayemsihi shahidi anyamaze anakiri kwamba shahidi anajua. Waliohifadhi maiti walitoa mapafu, ini na matumbo, lakini moyo waliuacha mwilini kwa makusudi, kwa sababu waliamini ndio makao ya akili na kumbukumbu. Bila moyo hapakuwa na mtu wa kufufuka, kwa hiyo marehemu alilazimika kwenda na shahidi wake. Sioni maigizo katika hofu hiyo.

Kuna pia hadithi ya Setne, mwana wa mfalme, iliyoandikwa Misri ikiwa chini ya Roma. Ni zaidi ya miaka elfu moja baada ya Ani, hivyo haiwezi kumsemea yeye moja kwa moja, ila inaonyesha kwamba Wamisri wenyewe waliliuliza swali hili la kama mali inaweza kununua hukumu njema. Setne anaona mazishi mawili: tajiri anasindikizwa kwa vilio na fahari, maskini amefungwa mkekani bila mtu nyuma yake. Anatamani mwisho wa tajiri. Mwanawe, Siosire, anampeleka kuzimu. Huko wanamkuta tajiri amelala mlangoni, mhimili wa mlango ukizunguka ndani ya jicho lake. Maskini amesimama karibu na Osiris, amevaa kitani safi aliyozikwa nayo tajiri.